Naombeni ushauri: msaidizi wa formani anatakiwa atii mpaka wapi?

Namba_Mbili (Alhamisi, saa 2:15 usiku)
Wakuu, habari za jioni. Niko saiti ya ghorofa moja huku Goba, mimi ni msaidizi wa formani. Swali langu ni la uongozi zaidi kuliko ujenzi. Msaidizi mzuri ni yupi: anayetekeleza alichoambiwa bila kumchosha mkubwa wake, au anayeuliza kila kitu? Mzee, yaani formani wangu, kaniagiza jambo la keshokutwa na moyo hautulii. Yeye ndiye aliyenishika mkono kwenye kazi hii, sitaki anione nimeota mapembe. Mhandisi huja Jumatatu tu. Nifanyeje?

Mama_Vikoba
Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fanya ulichotumwa, umalize, ndipo uulize. Vijana mnapenda kuongoza kabla hamjajifunza kufuata.

Zamu_ya_Usiku
Mama, heshima yako, lakini inategemea kazi. Chumba cha upasuaji anayeongoza ni daktari, na nesi wa vifaa anamfuata kwa kila ishara ya mkono. Lakini nesi huyo huyo anahesabu vitambaa, sindano na vyombo kabla ya kupasua, tena kabla ya kufunga ndani, tena wakati wa kufunga ngozi. Anahesabu kwa sauti, na mwenzake anahesabu pamoja naye. Hesabu isipotimia hasemi "daktari, una uhakika?" Anasema: "Hesabu haijatimia, kitambaa 1 hakionekani, naomba tusifunge." Daktari anasimama, kinatafutwa. Hakuna anayemwita mbishi, maana kuhesabu ndiyo kazi aliyopewa. Mleta uzi, jiulize wewe umekabidhiwa kuhesabu nini hapo saiti.

Kiti_cha_Kulia
Naongezea la kwenye ndege. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Tenerife, Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583. KLM ilipoanza kukimbia ili iruke, mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma ya rubani alikuwa na wasiwasi kwamba Pan Am bado iko njiani. Akauliza kama imeshatoka. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa kwenye shirika, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Swali likafa pale pale. Ukimuuliza mkubwa swali, unampa nafasi ya kukujibu tu. Siku hizi msaidizi wa rubani hufundishwa kupanda ngazi: anauliza kwanza, asiposikilizwa anasema anachokiona, halafu anasema kinachotakiwa kufanyika ("tusimame"), na mwisho anachukua hatua mwenyewe. Kila ngazi ina maneno yake, na haurudii ngazi uliyokwisha kuipita.

Msukani
Kwenye meli kuna jambo dogo kuliko hilo na linaokoa mengi. Nahodha anasema "Kulia kumi," yaani digrii kumi. Aliyeshika usukani anarudia "Kulia kumi," anageuza, na usukani ukifika anatamka "Usukani uko kulia kumi." Harudii kwa sababu hajasikia. Anarudia ili nahodha ajisikie mwenyewe, na kama alikusudia kushoto atakamata kosa lake kwenye mdomo wa mwenzake. Mleta uzi, sijui umeagizwa nini, lakini mrudishie Mzee agizo lake zima, na tarehe, na idadi. Watu wengi hubadili agizo wakilisikia likisomwa.

Mpima_Zege
Wakuu, tumeshapaa na ndege na kusafiri na meli, na mleta uzi hajasema ameagizwa nini. Agizo gani? Zege la lini? Unene gani? Chumba kina upana gani?

Namba_Mbili
Sawa mkuu. Ni kutoa mirunda, ile miti inayoshikilia slabu kwa chini. Zege lilimwagwa Jumatano ya wiki iliyopita, kwa hiyo Jumamosi ni siku ya 10. Michoro imeandika siku 21. Slabu ni milimita 150, chumba kikubwa ni mita 4 kwa 5. Mirunda inatakiwa saiti nyingine Kibada, huko fundi wamekaa wanasubiri. Mzee ametoa mirunda mapema mara nyingi na hakuna kilichoanguka. Na kusema kweli kanta nimeshaiita, inafika saa 11 alfajiri Jumamosi. Naona nikikataa sasa hivi nitakuwa nimemvunjia heshima kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mpima_Zege
Slabu hiyo kila mita ya mraba ina kilo kama 360 za uzito wake yenyewe. Zidisha kwa mita 20 za mraba: zaidi ya tani 7 juu ya chumba kimoja, kabla hujapandisha tofali hata moja. Mirunda ndiyo inazibeba mpaka zege liweze. Siku 21 ni makisio ya mhandisi kwamba kufikia hapo zege litakuwa limekomaa. Kama mna vipimo vinavyoonyesha limewahi, mhandisi anaweza kupunguza siku mwenyewe, kwa saini yake. Mlipiga kyubu, vile vipande vya zege vya kuvunjwa maabara kupima nguvu?

Namba_Mbili
Tulipiga 6. Tatu za siku 7, tatu za siku 28.

Mpima_Zege
Basi za siku 7 zilivunjwa jana. Zilisoma ngapi?

Fikra_Huru
Wakati tunasubiri: Robert Kelley, Mmarekani, aliandika mwaka 1988 kwamba mfuasi hupimwa kwa mambo mawili, anafikiri mwenyewe kiasi gani na anajituma kiasi gani. Anayejituma sana bila kufikiri ni mtu wa ndiyo. Anayefikiri sana bila kujituma hukaa pembeni analalamika. Mleta uzi mpaka sasa naona amejituma: kanta imeitwa.

Namba_Mbili (saa 3:05)
Zilisoma niutoni 10, 11 na 10 kwa milimita ya mraba. Zege ni daraja la 25, yaani linatakiwa lifike 25 siku ya 28. Matokeo yalikuja kwenye simu yangu jana jioni. Sijamwambia Mzee wala Mhandisi. Nilitaka kusubiri za siku 28 ndipo niseme kitu kamili, nisiwatie watu hofu bure.

Mtaa_wa_Saba
Ndiyo haya haya! Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka, watu 36 wakafa. Mnyamaze tena!

Chai_Rangi
Hii ni chai, jamani. Nyumba ya mtu binafsi Goba, nani anapiga kyubu? Na maabara iache kumtumia mhandisi matokeo imtumie msaidizi? Mtu anataka uzi wake usomwe. Bila picha siamini.

Kiti_cha_Kulia
Hata mimi nimeshtuka kidogo. Namba zimekuja kwa mpangilio mzuri mno.

Namba_Mbili
Mwenye nyumba ndiye aliyetaka kyubu, alilipia mwenyewe. Mimi ndiye niliyezipeleka maabara nikaandikisha namba yangu ya simu, ndiyo sababu zikaja kwangu. Picha siweki, karatasi ina jina la mwenye nyumba.

Chai_Rangi
Basi nijibu bila kugugo. Ukungu wa kutengenezea kyubu una ukubwa gani, mlishindilia vipi, na karatasi inasema kila moja ina uzito gani?

Namba_Mbili
Milimita 150 kila upande. Tabaka 3, kila tabaka mapigo 35 kwa fimbo ya chuma yenye ncha ya mraba ya milimita 25. Tulizifunika kwa gunia bichi, kesho yake tukazitoa kwenye ukungu na kuzizamisha kwenye pipa la maji kivulini. Uzito kilo 7.7, 7.8, 7.7.

Chai_Rangi
Naomba radhi. Mtu huyu amezishika kwa mikono yake.

Mpima_Zege
Ukubwa huo, zege la kawaida lililoshindiliwa vizuri, linakaribia kilo 8.1. Ninyi mmeshindilia vizuri na bado ni nyepesi. Na za siku 7 kwa daraja la 25 hutarajiwa kufika kama 16. Upungufu wa namna hiyo kwa kawaida ni maji. Nani alisimama kwenye mashine ya kuchanganyia zege?

Namba_Mbili (saa 3:50)
Mimi.
Tulianza vizuri, lita 27 kwa mfuko wa kilo 50. Ilipofika saa 7 mchana jua lilikuwa kali, kokoto zimekauka, zege likawa linagandia kwenye ndoo na watu wamepanga mstari kwenye ngazi wanapiga kelele. Nikaruhusu lita 10 zaidi kwa kila mfuko, ile nusu ya mwisho. Chumba kikubwa kiko kwenye nusu hiyo, na kyubu zilitoka huko. Mzee alikuwa upande wa pili na vaibreta, hakujua. Kila mtu huongeza maji, wakuu. Nilidhani nasaidia kazi iende.

Mpima_Zege
Asante kwa kusema, na nakujibu kwa uzito uleule. Lita 27 kwa kilo 50 ni uwiano wa 0.54. Lita 37 ni 0.74. Saruji ina kiasi chake cha maji inachokitumia. Yaliyozidi yanakuja kutoka taratibu, na pale yalipokuwa panabaki matundu madogo ambayo hakuna atakayeyaona. Ndiyo wepesi ulioupima. Jua likiwa kali unamwagia kokoto maji tangu jana yake, unaanza kazi saa 12 asubuhi, unaweka kivuli kwenye mashine. Hilo tuliache, limepita.

Sasa turudi kwenye swali lako, maana nadhani umeliuliza vibaya. Mzee hajakuagiza jambo la hatari akijua. Ameagiza kwa kutumia taarifa alizonazo, na taarifa iliyokosekana iko mfukoni mwako. Ukitii, unamwacha aamue gizani. Ukikataa bila kusema sababu, ni vilevile. Kosa lako la maji linarekebishika. Hili la kuikalia karatasi tangu jana ndilo linalomfanya Mzee wako aonekane mzembe mbele ya Mhandisi, na hakufanya uzembe.

Usiku huu, ujumbe mmoja kwa wote wawili, asiwepo atakayesikia kwa mwenzake. Matokeo kwanza, karatasi yenyewe. Halafu maji: lita ngapi, kuanzia saa ngapi, chumba gani. Halafu ulichosimamisha. Halafu unachoomba. Usiweke "samahani" mwanzoni, itafunika namba.

Zamu_ya_Usiku
Na useme "nimesimamisha," usiseme "nilikuwa nafikiri tusimamishe."

Mama_Vikoba
Mpigie Mzee kwanza, mwanangu. Dakika mbili tu, umwamkie, ajue ujumbe unakuja. Mtu mzima asisome jambo kama hilo kwenye simu akiwa hajaandaliwa. Nililosema mwanzo nilisema sijajua.

Mpima_Zege
Mama yuko sahihi, piga ndipo utume. Kuhusu slabu: mirunda isiguswe hata mmoja, hata ule unaoonekana haubebi. Tofali na saruji visipandishwe juu. Endelea kumwagilia asubuhi na jioni. Mhandisi ataamua kama apime kwa nyundo ya zege au akate kipande cha mviringo apeleke maabara, usimpangie. Na siku itakayoruhusiwa, slabu ya chumba unaanza kulegeza katikati kwenda ukutani. Baraza linaloning'inia unaanza nchani kuja ukutani. Ukigeuza, unaipa slabu mzigo ambao nondo zake hazikupangiwa.

Namba_Mbili (saa 4:40)
Nimempigia. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza, "Lita ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Tuma." Nimetuma hivi:

"Mhandisi, Mzee, habari za usiku. Kyubu za siku 7: 10, 11, 10. Karatasi hii hapa. Jumatano iliyopita kuanzia saa 7 mchana niliruhusu lita 37 kwa mfuko badala ya 27, sehemu ya chumba kikubwa. Mzee hakujua. Nimesimamisha kutoa mirunda Jumamosi na hakuna mzigo utakaopanda juu. Naomba Mhandisi aje kabla ya Jumatatu."

Mzee amesoma. Mhandisi bado. Dereva wa kanta anadai hela ya usumbufu.

Mpima_Zege
Mlipe. Kesho saa 12 asubuhi uwe na mpira wa maji juu ya slabu, na simu iwe na chaji.