Naombeni ushauri: riwaya yangu ya wizi wa benki inapooza fedha zikianza kusafiri

Binti_Pangani:
Wakuu, heshima kwenu. Naandika riwaya, mwaka wa pili huu. Mhusika wangu Zuhura ni karani wa miamala ya nje katika benki moja Dar, anayegundua kwamba wakubwa wake wanahamisha fedha kwa kampuni hewa. Sura mbili za mwanzo niliwapa watu watatu, wakazipenda. Ya tatu, ninapoeleza fedha zinavyotoka Dar hadi Dubai, wote waliishia hapo. Dada yangu alisema alijiona yuko semina. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nifanyeje msomaji auelewe wizi bila kupewa somo? Na kashfa zilizotokea kweli naweza kuzitumia?

Karani_Mstaafu:
Binti yangu, nimefanya kazi hiyo miaka 11. Achana na mfumo, shika kalenda. Tazama Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016. Wezi waliingia kwenye mtandao wake, wakatuma kwa SWIFT, njia ya benki kutumiana ujumbe wa malipo, maagizo 35 ya karibu dola milioni 951 kwenda New York, ilikokuwa akaunti yake. Walituma Alhamisi usiku, kwa sababu Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Dhaka wanarudi kazini Jumapili, New York kumefungwa. Jumatatu Manila, fedha zilikopelekwa, nako sikukuu, Mwaka Mpya wa Kichina. Na kule Dhaka printa inayotoa taarifa za miamala ilikuwa imegoma. Wezi ndio walioivuruga, wafanyakazi wakadhani ni ubovu wa siku zote. Mweke Zuhura mbele ya printa hiyo, jioni ya kuamkia sikukuu, wenzake wameshaondoka.

Msomaji_Usiku:
Mzee kamaliza. Niongeze kilichowaponza: dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilizuiwa kwa kosa la tahajia, "Fandation" badala ya "Foundation". Milioni 81 zilifika Manila, nyingi zikaingia kwenye kasino, ambazo wakati ule hazikubanwa na sheria ya Ufilipino ya utakatishaji fedha. Fedha ikishageuka chipu za kamari, nani ataifuatilia? Dada, mimi ningelala saa nane kusoma sura ya mtu anayecheza kamari bila haja ya kushinda.

Mzee_wa_Mswada:
Kuhusu kashfa: chukua mbinu, majina yaache. Hata hapa nyumbani unayo EPA, ile akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu. Mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 133. Sehemu kubwa ilitoka kwa hati za kughushi, zikidai kwamba deni la zamani la mfanyabiashara wa ng'ambo sasa ni mali ya kampuni fulani ya Dar. Riwaya yako imo kwenye karatasi hiyo moja. Zuhura anazijua saini za watu; aone moja aliyoizoea mahali isipostahili kuwepo. Dubai isubiri sura ya kumi.

Binti_Pangani:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Sura ya tatu naifuta yote, naanza na printa leo leo. Mzee Mstaafu, swali la mwisho: ikigoma jioni kama hiyo, karani humwita nani?

Karani_Mstaafu:
Kijana wa kompyuta. Atamwambia aizime, aiwashe, na yeye atafika Jumatatu.