Mrejesho: barua pepe za kikoa chetu zimerudi, dig ilionyesha tatizo

Wakuu, salaam. Niliuliza kwa nini tovuti ya chama chetu inafunguka vizuri baada ya kuhamia seva mpya, ilhali barua pepe zinaingia kwa baadhi ya watumaji na kwa wengine zinagoma. Asanteni sana nyote mliojibu.

Ushauri wa kutumia dig (amri ya kuuliza rekodi za DNS, mfumo unaoonyesha jina la kikoa linaelekea seva zipi) kuziuliza moja kwa moja seva zenye mamlaka (zinazotunza rekodi halisi za kikoa) ndio ulionitoa gizani. Kwanza (kikoa nimekibadilisha):

dig NS example.com +short

kisha, kwa jina la seva nililopata:

dig @ns1.example.com example.com MX

Ilijibu NOERROR, ANSWER: 0. Maana yake jina lipo, ila rekodi ya MX (inayosema barua pepe ziende seva gani) haipo kabisa. Kampuni iliyotuhamisha ilibeba rekodi ya A (anwani ya IP ya seva) ikaacha MX. Lakini dig @8.8.8.8 (seva ya DNS ya umma ya Google) ilikuwa bado inatoa MX ya zamani iliyohifadhiwa. Ukirudia, namba ya TTL (sekunde ambazo jibu linaweza kuhifadhiwa) inapungua, wakati kwenye seva yenye mamlaka TTL ya rekodi iliyopo haibadiliki. Hiyo tofauti ndiyo ya kuangalia! MX imerudishwa, barua zinaingia.

dig ANY (kuomba rekodi za aina zote kwa pamoja) haikunisaidia: ilirudisha rekodi moja ya HINFO yenye neno "RFC8482" tu, kanuni ya 2019 inayoruhusu seva kujibu hivyo. Ulizeni aina moja moja.

Bado barua tunazotuma zinaangukia spamu. dig TXT inaonyesha rekodi mbili za v=spf1 (SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa), na inatakiwa moja tu. Nimeomba ya zamani ifutwe, nasubiri.

Mwenye Windows: nslookup -type=mx example.com inatosha.