Madaktari wa mifugo, acheni kutuambia "mwache azae kwanza". Nusura nimzike mbwa wangu

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa sakafuni jikoni. Mbwa wangu kalala ubavuni kwangu, tumbo limeshonwa kuanzia kitovuni mpaka karibu na mapaja. Hajamaliza hata miezi kumi. Hii ilipaswa kuwa operesheni ya kumfunga kizazi, ya kupanga, mchana kweupe. Imefanyika saa sita usiku akiwa hawezi kusimama, na nimelipa mara nne ya bei niliyotajiwa mwanzo.

Tausi ni chotara wa German shepherd na mbwa wetu wa kienyeji. Alipofika miezi mitano nilimpeleka kliniki kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, nikauliza swali moja tu: dokta, huyu nimfunge kizazi lini? Jibu: "Mwache azae mara moja kwanza, jike asiyezaa anasumbua." Hakumpima uzito. Hakuuliza wazazi wake wana umbo gani, wala kama nyumbani kuna uzio. Nikauliza anasumbua vipi, akaita mteja anayefuata.

Kauli hiyo nimeshaisikia kwa jirani, kwa shemeji, hata kwa muuza nyama anayenipa mifupa. Kwao naielewa. Lakini kwa mtu aliyekaa chuo miaka mitano akisomea wanyama? Hakuna faida ya afya ambayo mbwa anaipata kwa kuzaa mara moja. Hakuna! Anachopata ni mimba ya siku 63 wakati mwili wake mwenyewe bado unakua. Na mimi ningepata watoto saba wa kutafutia pa kwenda, na sote tunajua wale majike huwa wanaishia wapi. Kwenye kiroba, jalalani, macho hayajafunguka.

Miezi minane, nikaona matone ya damu kwenye saruji. Joto la kwanza. Kufika jioni madume wa mtaa mzima wamelala nje ya geti. Nikakimbilia kliniki ya pili. Dokta akasema sasa hivi hapasuliwi, mishipa ya kizazi imejaa damu. Hapo alisema kweli, wengi husubiri miezi miwili mitatu joto lipite. Angeishia hapo, akaniambia nimfungie ndani wiki tatu nne, leo nisingekuwa na cha kuandika. Badala yake akavuta bomba: "Nampiga ile ya miezi mitatu, ya akina mama."

Akampiga hiyo sindano ya uzazi wa mpango. Hakunieleza chochote, na mimi sikujua cha kuuliza. Kumbe homoni hiyo inanenepesha ukuta wa kizazi cha mbwa na kuwaachia bakteria nafasi ya kuzaliana. Hata bila sindano, wiki chache baada ya joto ndipo jike huwa hatarini kizazi kujaa usaha. Yeye akaongeza kuni.

Wiki ya tano Tausi akaanza kunywa maji. Najaza bakuli asubuhi, saa tatu limekauka, kahamia kwenye ndoo ya kufulia. Nikasingizia joto la Dar. Kesho yake akakataa ugali na dagaa, akatapika. Usiku nikainua mkia nimsafishe, nikakuta uchafu mzito wa rangi ya chai ya maziwa, na harufu ambayo bado iko kwenye kanga niliyomfungia.

Daktari wa tatu, binti mdogo tu, alitoka kitandani akampiga nusu kaputi na kumfungua. Alinionyesha kwenye beseni. Kizazi ambacho kilitakiwa kiwe chembamba kama kalamu kilikuwa kinene kama mkono wa mtoto, kimejikunja, kinang'aa.

Huyo binti, akinawa mikono, alinieleza kwa dakika kumi yale ambayo wenzake wawili hawakuona haja ya kuyasema. Mbwa wadogo wadogo hufungwa kabla ya joto la kwanza, miezi mitano sita hivi, na kinga dhidi ya uvimbe wa matiti huwa kubwa zaidi hapo. Wenye miili mikubwa wana hoja nyingine: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 2020 waliandika kuhusu aina 35 za mbwa, na kwa German shepherd waliofungwa kabla ya mwaka mmoja matatizo ya viungo yalikuwa mengi zaidi, na majike wengine huanza kuvuja mkojo. Kwa hiyo mtu mwenye ukuta na kufuli anaweza kusubiri. Mimi geti langu ni la mabati, mbwa analifungua kwa pua. Kwa nyumba kama yangu, jibu lilikuwa kumfunga palepale alipofika miezi sita. Kulipata kulihitaji maswali matatu tu: uzito, wazazi, uzio.

Madaktari mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: kwa nini mnaendelea kuwachoma mbwa sindano hiyo bila kumwambia mwenye mbwa hatari yake? Na wewe mwenye jike la miezi mitano, usiondoke kliniki bila kuulizwa hayo matatu. Wasipouliza, nenda kwingine wiki hiyohiyo.

Leo asubuhi niliwapigia wale wa kliniki ya pili kuwaeleza yaliyompata. Wamesema nimlete wamwone, na hela ya kumwona daktari ni ileile.