Mrejesho: ile sabuni yangu ya nyumbani na ngozi ya mtoto

Jamani nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza kama sabuni niliyopika mwenyewe kwa mafuta ya nazi na kostiki (ile kemikali kali ya alkali ya kutengenezea sabuni) naweza kumwogeshea mtoto wa miezi miwili. Mlionambia nisubiri mlikuwa sahihi, maana ilikuwa na wiki mbili tu na inatakiwa ikae ikomae wiki 4 hadi 6, halafu nshaitia na manukato, kiherehere changu. Nikapima na karatasi ya pH (kipimo cha asidi na alkali, namba ikizidi 7 ni alkali) ikasoma 10 wakati ngozi inataka kama 5.5 hivi, na hata ikikomaa bado inabaki kwenye 9 huko. Kwa hiyo saizi anaoga maji ya uvuguvugu tu, vipele vya shingoni vimeanza kupotea. Sabuni nafulia.