Nyonga inayouma: je, uchunguzi wa daktari kwa mikono yake unatosha?

Swali: Ndugu wataalamu, mama yangu mwenye miaka 62 huumwa kinenani akitembea, na daktari amesema nyonga imechakaa bila kumpiga picha ya eksirei. Je, inatosha?

Jibu la 1: Mara nyingi, ndiyo. Kwa vigezo vya Chuo cha Rumatolojia cha Marekani (chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo) vya mwaka 1991, mwenye maumivu ya nyonga ambaye paja lake halifikishi nyuzi 15 likizungushwa kuelekea ndani, na kukunjika kwake hakuzidi nyuzi 115, huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu wa kuchakaa kwa nyonga.

Jibu la 2: Mimi hutazama zaidi mgonjwa anavyochuchumaa, kwa kuwa maumivu yanayojitokeza nyuma ya nyonga wakati huo ni dalili yenye uzito; lakini paja likisogezwa kuvuka upande wa pili bila kizuizi, uwezekano wa ugonjwa hupungua sana.

Muulizaji: Asanteni. Mama hawezi kuchuchumaa, je, alazimishwe?

Jibu la 2: Hapana, asilazimishwe hata kidogo. Vipimo vingine hufanyika akiwa amelala chali, na ni vyema mgongo wake nao uchunguzwe, maana maumivu ya huko huweza kushuka hadi nyongani.