Waliowahi kufungua tawi la chama, kuungana au kuhama na chama kizima: tupeane uzoefu (Mbeya, Iringa na jirani)

Mzawa wa Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu si wa kubishana nani msaliti. Nataka habari za kule chini kwenye tawi: vyama vinapozaliwa, kuungana au kupasuka, kadi, bendera na kodi ya ofisi huishia wapi?

Naanza. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, baba mdogo alisaka wanachama huku Mbeya. Sheria ya wakati ule haikutambua chama cha mkoa mmoja. Ilibidi muwe na wanachama wasiopungua 200 kwa kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na humo iwemo Unguja na Pemba. Hata Mwanjelwa yote hapa Mbeya mjini ingekuwa nyuma yenu, bila Pemba hamkuwa na chama! Basi mzee akazunguka na daftari: jina, kijiji, sahihi, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Mjini walijaza haraka. Chunya wakulima walimuuliza kwanza: nikisaini, tumbaku yangu itanunuliwa?

Mama Kihesa: Mimi nawarudisha nyuma zaidi. TANU ya bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana kuwa CCM, tarehe 5 Februari 1977, nilikuwa binti mdogo Iringa. Bendera ndiyo niliyoiona ikibadilika: ule mstari mweusi wa TANU ukaondoka, jembe na nyundo vikaingia. Balozi wa nyumba kumi alibaki yule yule, na ukali wake. Mama alipewa kadi mpya lakini ya TANU hakuitoa. Aliifunga kwenye kanga pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Fundi Kabwe: Shikamoo mama. Mimi na UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, 2015. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikubaliana kuachiana majimbo, ila kwenye karatasi ya kura hapakuwa na UKAWA. Mgombea alisimama kwa chama chake na nembo yake. Kazi yetu ikawa kupita nyumba kwa nyumba tukiwaonyesha wazee nembo ya kuweka vema. Kwenye udiwani ndiko tulikoumia. Katani kwetu vyama viwili rafiki viligoma kuachiana, wakasimama wote, kura zikagawanyika, wa tatu akapita kiulaini. Wakubwa walishapeana mikono Dar, nani angeshuka huku kuamua ugomvi wa kata?

Kijana wa Tunduma: Viti vya plastiki vya tawi letu anavyo mwenye nyumba mpaka leo. Kodi.

Mkulima wa Mafinga: Machi 2019 Maalim Seif, kigogo wa CUF Zanzibar, alipotoka CUF kwenda ACT-Wazalendo, kule Zanzibar ofisi zilibadilishwa rangi na bendera chapuchapu, wanachama wakahama kwa makundi. Wenzetu walikuwa na kiongozi wa kumfuata. Kwetu, kwenye chama kingine nisichokitaja, mpasuko wa juu tuliusikia redioni. Mwenyekiti akabaki, katibu akahama na muhuri.

Mzawa wa Uyole: Muhuri ulirudi, mkuu?

Mkulima wa Mafinga: Wapi! Tukachonga mwingine pale stendi. Ulipofika wakati wa kuomba kibali cha mkutano, zikaenda barua mbili za tawi moja, kila moja na muhuri wake, kwa siku moja. Zote zikarudishwa.