Wanajuaje kwamba Pemba walikula uwele kabla ya wali?

Mwanamkasi:
Asalaam alaykum wanajukwaa. Nina ubishi na bibi yangu. Nimesoma kwamba mtafiti Sarah Walshaw alichunguza mabaki ya mimea ya Tumbe na Chwaka, kaskazini mwa Pemba. Akakuta watu wa Tumbe, karne ya 7 hadi ya 10, walitegemea zaidi uwele, mpunga ukiwapo kidogo tu. Mpunga ulikuja kushika Chwaka, kuanzia karne ya 11 hivi. Nilipomweleza bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Uwele? Chakula cha ndege hicho! Sisi ni watu wa wali tangu dunia iumbwe." Sasa nisaidieni: punje ya miaka 1,000 inabakije ardhini, na mvua zetu hizi, na mchwa wote hawa?

Mchekechaji:
Waalaykum salaam. Mimi si msomi. Nilifanya kibarua cha uchimbaji misimu miwili, mahali pengine pwani, na kazi yangu ilikuwa maji. Unamimina udongo kwenye ndoo, unakoroga kwa mkono taratibu, unasubiri. Mchanga na vigae vinazama. Vyeusi vinapanda juu, vinaelea kama majani ya chai. Unavimwagia kwenye kitambaa cha matundu madogo sana, unakifunga, unakianika kivulini. Ukikianika juani vinapasuka.

Kinachovihifadhi ni moto. Punje mbichi huoza au huliwa. Ile iliyodondoka jikoni ikaungua bila kuwa jivu hugeuka mkaa, na mkaa mchwa hana haja nao. Mimi niliona uchafu tu, mpaka dada wa hadubini aliponiita nichungulie. Uwele una umbo la tone, upande mmoja umenenepa, mwingine umechongoka. Ganda la mpunga lina vinundu vimejipanga safu safu kama ukili uliosukwa. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Siku moja niliandika lebo kwa kalamu ya wino, maji yakaifuta. Kazi ya asubuhi nzima ikatupwa, maana hakuna aliyejua udongo ule umetoka shimo lipi, tabaka lipi. Tangu siku hiyo natembea na penseli.

Mzee wa Hoja:
Ngoja kwanza. Wali huchemshwa. Ndani ya chungu cha maji punje itaunguaje? Huenda mpunga ulikuwapo tele Tumbe, ila haukugusa moto. Bibi asikate tamaa.

Mchekechaji:
Mzee, hapo umegusa penyewe, na wenye kazi yao wanalijua. Kwanza hawahesabu punje pekee, wanatafuta na makapi, kwa sababu makapi ya kutwanga hutupwa motoni. Pili wanaangalia ni sampuli ngapi zina mpunga, si punje ngapi. Chungu kimoja kilichoungua kinaweza kukupa punje mia tano, na yote hiyo ni ajali ya mpishi mmoja. Halafu fikiria: kama kuchemsha ndiko kunakouficha mpunga, ungefichika Chwaka pia. Mbona huko umejaa? Kuna kitu kilibadilika.

Kaka Mgomba:
Na ndizi je? Haina mbegu ya kuungua.

Mchekechaji:
Ndizi ina kesi yake. Jani la mgomba huacha vijiwe vidogo vya silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, umbo lake kama mlima wa volkano wenye shimo kileleni. Jani likioza, kijiwe kinabaki. Munsa, Uganda, watafiti walivipata kwenye matope ya kinamasi, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba huenda vina zaidi ya miaka 5,000. Wenzao wakaja juu: mnajuaje tabaka hilo halikuchanganyika? Ubishi haukuisha.

Hapo ndipo mchwa wako, Mwanamkasi, wanapoingia. Hawali mkaa, lakini wao na fuko wanapekecha ardhi, punje ya juzi ikashuka tabaka la kale. Ndiyo maana siku hizi punje yenyewe ndiyo inayopimwa umri kwa kaboni 14, kaboni inayopungua polepole kadiri miaka inavyopita tangu mmea ufe. Pale Kakapel, Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, walipima kunde iliyoungua wakapata miaka 2,300 hivi. Wangetegemea mkaa uliokuwa jirani yake, tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Mwanamkasi:
Ahsanteni. Nimemsomea bibi yote. Hoja ya Mzee wa Hoja kaipenda, kataka nirudie. Ya Chwaka kanyamaza. Kisha akauliza, "Haya, na muhogo huko Tumbe wameuona?" Nikamwambia muhogo asili yake Amerika, ulifika huku na Wareno, watu wa Tumbe hawakuujua kabisa. Akanitazama, akachukua ungo wake, akasema, "Hawana wali, hawana muhogo. Basi hao hawakuwa Wapemba."